Kitanda kikiachwa, uangalizi usiachwe: akina mama wanaoruhusiwa mapema baada ya upasuaji



Wapendwa waamini, yeyote anayesafiri mara kwa mara kati ya Mtwara mjini, Mikindani na vijiji vya maingilio ya Mto Ruvuma amekwisha kumwona mama huyu. Anashuka kwenye bajaji kwa tahadhari, au anasaidiwa kupanda kivuko cha Msanga Mkuu. Mkono mmoja umeshikilia tumbo juu ya kanga, mwingine umemshika ndugu aliyekuwa akimuuguza. Ndugu huyo amebeba ndoo, mkeka na chupa ya chai. Mama ametoka hospitalini. Amefanyiwa upasuaji: pengine wa kujifungua, pengine wa kuondoa uvimbe, pengine wa kuondoa mfuko wa uzazi wenyewe. Ni siku chache tu zimepita, na leo ameambiwa kwamba anaweza kwenda nyumbani.

Bibi zetu waliopasuliwa miaka ya nyuma wanasimulia kwamba walilazwa wiki nzima, wengine hata wiki mbili, hadi nyuzi zilipotolewa. Ndiyo maana katika jumuiya zetu swali hili linaulizwa, mara kwa sauti, mara kwa kunong'ona: je, huku si kumfukuza mgonjwa? Je, mama wa leo anaruhusiwa mapema kwa sababu amepona, au kwa sababu kuna mwingine anayekihitaji kitanda?

Swali ni la haki, nalo halistahili kujibiwa kwa kupuuzwa wala kwa lawama za haraka dhidi ya waganga na wauguzi wetu. Jibu letu, kwa ufupi, ni hili: kupunguza siku za kulazwa ni jambo jema pale ambapo uangalizi unamfuata mama hadi mlangoni mwake. Pasipo uangalizi huo, tunachokuwa tumepunguza si ugonjwa. Tumeuhamisha mzigo kutoka wodini na kuuweka juu ya kichwa cha mwanamke ambaye kidonda chake bado ni kibichi.

Kulazwa siku nyingi si sawa na kupona

Tuanze na upande ambao wengi wetu hatuufahamu vema. Desturi ya kumlaza chali kwa majuma mama aliyepasuliwa ilianza kutiliwa shaka zamani. Mwaka 1899 Emil Ries, daktari wa magonjwa ya wanawake katika mji wa Chicago, Marekani, aliandika kwamba alikuwa akiwainua mapema kitandani wagonjwa wake waliopasuliwa tumbo, nao walipona vizuri. Wenzake wengi hawakumsikiliza. Ilibidi ipite miongo kadhaa, hadi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ndipo madaktari wengi walipokubali kwamba mgonjwa anayeinuka mapema hupona kwa haraka zaidi.

Sababu zake ni rahisi kueleweka. Mwili unaolala bila kujongea hujiletea magonjwa mengine. Damu huweza kuganda katika mishipa ya mguu, na donge likisafiri hadi mapafuni huua ghafla. Mapafu yasiyopanuka vizuri hupata homa yake. Utumbo huchelewa kuamka, misuli hulegea, na kila siku ya ziada wodini ni siku nyingine ya kukutana na vijidudu vya wodini, ambavyo mara nyingi ni sugu kwa dawa.

Katika miaka ya 1990 Henrik Kehlet, daktari wa upasuaji nchini Denmark, aliyakusanya mambo haya na kuyafanya utaratibu mmoja, ambao baadaye ulienea hadi kwenye upasuaji wa akina mama. Utaratibu huo hauanzi siku ya ruhusa. Unaanza kabla ya upasuaji: mgonjwa anaelezwa kila hatua, hafungishwi njaa na kiu kupita kiasi, anatulizwa maumivu kwa njia zaidi ya moja, anapewa chakula mapema, mpira wa mkojo unatolewa mapema, naye anasaidiwa kusimama na kutembea mapema. Mgonjwa aliyetunzwa hivyo hufikia hali ya kwenda nyumbani upesi zaidi. Siku chache za kulazwa ni tunda la matunzo bora, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea: wanataka kulichuma tunda bila kuupanda mti.

Ushahidi wa jambo hili haupo Ulaya peke yake. Katika Hospitali ya Rufaa ya Mbarara, nchini Uganda, madaktari waliwagawa kwa kura akina mama 160 waliofanyiwa upasuaji wa dharura wa kujifungua. Kundi moja lilitunzwa kwa desturi ya zamani, lingine kwa utaratibu huu mpya. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionesha kwamba kundi la pili lilikaa hospitalini kwa wastani wa saa 42 hivi, dhidi ya saa 61 za kundi la kwanza, na akina mama wenye maumivu makali walikuwa wachache zaidi.

Mfano mwingine unahusu fistula, jeraha linalomfanya mama avujwe na mkojo au haja kubwa baada ya uchungu wa muda mrefu usiopata msaada. Kwa miaka mingi mama aliyeshonwa fistula alibaki na mpira wa mkojo kwa majuma mawili, na kwa kawaida alibaki hospitalini muda wote huo. Utafiti uliofanyika katika hospitali nane za nchi nane za Afrika, zikiwamo Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uliwahusisha wanawake 524 wenye fistula isiyo ngumu. Ulichapishwa mwaka 2015, nao ulionesha kwamba siku saba zilitosha: mishono iliachia kwa wanawake 4 hivi katika kila 100 waliokaa na mpira siku saba, na 3 katika kila 100 waliokaa nao siku kumi na nne. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza siku saba hadi kumi kwa fistula za aina hiyo. Kwa mwanamke aliyeacha watoto nyumbani, na kwa hospitali yenye foleni ya wanawake wanaosubiri kutibiwa, wiki moja iliyookolewa ni neema kubwa.

Nasi tunajua gharama ya kila siku ya kulazwa. Ndugu anayeuguza hulala nje au kwenye korido, hununua chakula mjini, huacha shamba la korosho wakati wa kuokota, huacha watoto kwa jirani. Wodi ikijaa, akina mama wawili hulala kitanda kimoja. Kumrudisha nyumbani mapema mama aliye salama ni kuwahurumia watu wengi kwa mara moja. Hata Bwana wetu, alipomfufua binti wa Yairo, aliwaagiza wazazi wampe chakula (Mk 5:43). Hakumwacha kitandani awe kitu cha kutazamwa. Alimrudisha mara moja katika maisha ya nyumbani. Lakini tuone pia kwamba alimrudisha mikononi mwa watu aliowapa maagizo.

Hatari haiishii katika chumba cha upasuaji

Upande wa pili wa jambo hili unatutaka tuwe waangalifu. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti mkubwa wa hali ya upasuaji barani Afrika, uliowafuatilia wagonjwa zaidi ya 11,000 katika nchi 25. Wagonjwa hao walikuwa vijana na wenye afya kuliko wagonjwa wa nchi tajiri, hata hivyo walifariki dunia mara mbili zaidi ya wastani wa ulimwengu. Wengi mno kati yao hawakufia mezani mwa daktari. Walifariki katika siku zilizofuata, wakati dalili zilikuwa zimekwisha kujitokeza, lakini aliyepaswa kuziona hakuwapo, au alikuwa peke yake akiwatazama wagonjwa wengi mno.

Ikiwa hatari hiyo ipo wodini, mahali penye muuguzi, tufikirie ukubwa wake mahali pasipo na muuguzi.

Hapa nchini, Hospitali ya Bugando ya Mwanza, iliyo mali ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, iliwahi kuwafuatilia kwa siku thelathini akina mama waliojifungua kwa upasuaji. Takribani mmoja kati ya kumi alipata maambukizi ya kidonda, na kwa kawaida dalili zilijitokeza karibu siku ya saba. Tuiweke namba hiyo ya saba karibu na siku ya tatu au ya nne ambayo mama anaruhusiwa. Maana yake ni kwamba usaha, homa na harufu mbaya vitamkuta mama Msimbati, Mahurunga au Kitaya, si hospitalini. Wa kwanza kuviona atakuwa mama mkwe, binti wa darasa la sita, au jirani.

Lipo pia jambo ambalo husemwa kwa aibu. Wataalamu wa fistula waliochunguza kumbukumbu za wanawake 5,959 waliotibiwa kwa miaka 18, wengi wao katika ukanda wetu wa Afrika, waligundua kwamba takribani 13 kati ya kila 100 hawakupata jeraha hilo kutokana na uchungu wa muda mrefu. Walilipata kutokana na upasuaji wenyewe, hasa wa kujifungua na wa kuondoa mfuko wa uzazi. Mara nyingine mkojo huanza kuvuja siku kadhaa baada ya upasuaji, mama akiwa amekwisha kurudi nyumbani. Asiyeambiwa kwamba jambo hilo linaweza kutokea, na kwamba linatibika, hujificha. Hudhani amelaaniwa. Huacha kwenda kanisani. Tunamkumbuka yule mwanamke wa Injili aliyetokwa damu miaka kumi na miwili, akatumia mali yake yote kwa waganga, na bado akalazimika kupenya kwa siri katikati ya umati (Mk 5:25-34). Kristo hakukubali abaki katika siri hiyo. Alimwita mbele ya watu, akamwita binti. Jumuiya isiyojua kuuliza kwa upole humrudisha mwanamke huyo gizani.

Funzo la nchi tajiri

Wapo wanaodhani kwamba tatizo hili ni la nchi maskini tu. Sivyo. Nchini Marekani, katika miaka ya 1990, kampuni za bima zilizotaka kupunguza gharama zilifikia hatua ya kulipia siku moja tu ya kulazwa baada ya kujifungua, hata pungufu ya hapo. Akina mama walilalamika, na madaktari wakashuhudia watoto wachanga waliorudishwa hospitalini wakiwa na hali mbaya. Mwaka 1996 nchi hiyo ilitunga sheria ya kuzizuia bima kumbana mama: saa 48 baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida, na saa 96 baada ya upasuaji, isipokuwa daktari na mama mwenyewe wameafikiana vinginevyo.

Funzo hili linatuhusu sasa kuliko wakati mwingine wowote. Mwaka 2023 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, nasi tunaipokea kwa shukrani, kwa maana mama wa kijijini asiyekuwa na fedha ndiye atakayefaidika kwanza. Lakini kila mfumo wa malipo hubeba kishawishi chake. Hospitali inayolipwa kwa kila siku ya kulazwa itashawishika kumweka mgonjwa muda mrefu. Hospitali inayolipwa kiasi kimoja kwa upasuaji mzima itashawishika kumtoa haraka. Hatumtuhumu mtu yeyote. Tunasema tu kwamba fedha isiachwe iwe daktari. Swali la kuuliza kabla ya kumruhusu mama ni moja: yuko salama kwenda pale anapokwenda?

Katika kipindi hiki hiki, huduma zimetusogelea. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, iliyojengwa Mitengo, hapa Mikindani, imewapunguzia wagonjwa wengi safari ya zaidi ya kilomita 500 kwenda Dar es Salaam. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula inaendelea kuwahudumia watu wetu. Upande wa Kanisa zipo hospitali za Ndanda na, katika jimbo jirani la Lindi, Nyangao, zote mbili zikiwa matunda ya utume wa Wabenediktini. Kwa nchi nzima, vifo vya akina mama vitokanavyo na uzazi vimeshuka kutoka 556 katika kila vizazi hai 100,000, kwa takwimu za mwaka 2015-16, hadi 104 kwa takwimu za mwaka 2022. Akina mama wengi zaidi wanafika kwenye chumba cha upasuaji. Kwa sababu hiyo, wengi zaidi wanatoka humo na kurudi vijijini. Safari ya kwenda tumeifupisha. Ile ya kurudi bado haijatazamwa vya kutosha.

Nyumba anayorudia

Mama aliyepasuliwa tumbo huambiwa mambo machache: asibebe vitu vizito kwa majuma sita hivi, atembee kidogo kidogo kila siku, kidonda kiwe kisafi na kikavu, ale vizuri, na tendo la ndoa lisubiri hadi daktari atakaporidhika. Maagizo hayo ni mepesi kuyaandika kwenye karatasi. Sasa tuyapeleke katika nyumba zetu.

Kwenye uwanda wa juu wa Makonde, huko Newala na Tandahimba, maji ni shida inayojulikana tangu zama za mababu, na ndoo hukaa kichwani mwa mwanamke. Msimu wa korosho unapofika, kazi ya kuokota ni kuinama tangu asubuhi hadi jua kali. Pwani, bamvua halimsubiri mtu: maji yakitoka, akina mama wanashuka mwambani kutafuta pweza na chaza. Katika bonde la Ruvuma, mvua za masika hukata njia, na mama mwenye homa usiku hana budi kungoja asubuhi, kisha apakiwe kwenye bodaboda juu ya njia yenye makorongo. Asiyebeba maji, asiyeokota, asiyepika, huonekana mvivu baada ya siku chache. Methali yetu yasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tujihadhari tusimfanye mgonjwa wetu kuwa mgeni huyo.

Tukiri pia kwamba wapo wanaoitumia Injili vibaya hapa. Husemwa kwamba mkwewe Simoni Petro, homa ilipomwacha, aliinuka mara akawatumikia wageni (Mk 1:29-31); basi mwanamke wa kweli haendekezi ugonjwa. Lakini mama yule aliponywa na Bwana mwenyewe, kikamilifu na kwa mara moja. Uponyaji unaopitia mikono ya madaktari ni zawadi ya Mungu yule yule, ila unapitia pia njia ya maumbile, na maumbile yanataka majuma. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (2288) inafundisha kwamba uhai na afya ya mwili ni zawadi za thamani tulizokabidhiwa na Mungu, na kwamba kuzitunza kunahitaji msaada wa jamii. Kumnyang'anya mama muda wa kupona ni kuirudisha zawadi hiyo kwa dharau.

Lipo jeraha jingine ambalo halionekani kwenye mshono. Mwanamke aliyeondolewa mfuko wa uzazi hurudi nyumbani na swali moyoni: je, bado mimi ni mke? Wapo waume waliojibu swali hilo kwa kuondoka. Kanisa linajibu kwa uwazi: utu wa mwanamke haukai katika kiungo kimoja cha mwili wake, na agano la ndoa lilifungwa kwa ajili ya siku za afya na za ugonjwa pia. Mume Mkristo anayechota maji kwa majuma sita anahubiri bila kupanda mimbarini.

Msamaria hakuondoka tu

Mfano wa Msamaria mwema tunaufahamu sote, lakini mara nyingi tunaishia kwenye mafuta, divai na vitambaa. Tukiusoma hadi mwisho (Lk 10:34-35), tunaona kwamba baada ya huduma ya kwanza alimpandisha majeruhi kwenye mnyama wake, akamfikisha kwenye nyumba ya wageni, akakesha naye, akalipa dinari mbili, akamkabidhi kwa mwenye nyumba, na akaahidi kwamba atakaporudi atafidia kila kitakachozidi. Hapo kuna usafiri, mahali salama, gharama, mtu aliyekabidhiwa, na ahadi ya kurudi. Mgonjwa alibadilisha mikono, lakini hakuachwa.

Hicho ndicho kipimo tunachokipendekeza. Hospitali imfikishe mama katika mikono inayojulikana, nayo mikono hiyo ijue la kufanya. Jambo hili limekwisha kujaribiwa karibu nasi. Katika Wilaya ya Kirehe, mashariki mwa Rwanda, wahudumu wa afya wa vijijini walifundishwa kuwatembelea akina mama waliojifungua kwa upasuaji, wakiwauliza maswali machache na kukitazama kidonda, yapata siku ya kumi, kwa msaada wa simu ya mkononi. Wahudumu hao hawakuwa madaktari. Walikuwa majirani waliojifunza dalili. Nchini kwetu, mwezi Januari 2024, Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kuwa na wahudumu 137,294 katika miaka mitano. Tunaomba mama aliyepasuliwa asisahaulike katika orodha ya wale watakaotembelewa.

Tunayoomba, na tunayojitaka wenyewe

Kwa viongozi na watumishi wa hospitali, za Kanisa na za umma, tunaomba mambo matatu. Mama asiruhusiwe kabla ya kuulizwa anakoishi, atasafirije, na ni nani atakayekuwa naye. Maelezo yatolewe kwa lugha anayoielewa, mbele ya mume au ndugu, wala si karatasi peke yake. Na kwa anayetoka mbali, aende na namba ya simu itakayopokelewa usiku, au apewe nafasi ya kulala karibu na hospitali kwa siku chache zaidi. Mama wa Mikindani mjini na mama wa Kilambo wakiruhusiwa siku moja, hawajatendewa sawa. Mmoja yuko mwendo mfupi kutoka kwa daktari, mwingine yuko mpakani.

Kwa familia na jumuiya, tunaomba dalili hizi zijulikane. Mama arudishwe kwenye kituo cha afya au hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki akiona lolote kati ya haya:

- homa au kutetemeka kwa baridi;
- kidonda kinachovimba, kutoa usaha au harufu, au kuachia;
- damu nyingi ukeni, kiasi cha kulowesha pedi nzima kwa saa moja;
- maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua, tumbo kujaa na kutapika;
- mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kupumua kwa shida;
- kushindwa kukojoa, au mkojo kuvuja wenyewe.

Kwa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo tunaomba zaidi ya sala, ingawa sala ndiyo ya kwanza. WAWATA wapange zamu: siku za kwanza, siku ya saba na siku ya kumi na nne tangu upasuaji, dada mmoja mwaminifu amtembelee mama, amuulize, amsikilize, na atunze siri. Ugonjwa wa mwanamke si tangazo la kusomwa baada ya misa. UWAKA wazungumze na waume juu ya ndoo, jembe na subira. VIWAWA wachote maji na kuni. Parokia iwe na mfuko mdogo wa nauli ya dharura, na ijulikane ni nani mwenye pikipiki au gari anayeweza kuamshwa usiku. Na kwa kuwa hapa pwani tunaishi mlango kwa mlango na ndugu zetu Waislamu, zamu hizo zisiishie kwa waamini wetu. Msamaria hakuuliza dini ya aliyelala njiani.

Kila tarehe 11 Februari, kumbukumbu ya Bikira Maria wa Lurdi, Kanisa linaadhimisha Siku ya Wagonjwa Duniani, iliyowekwa na Mtakatifu Yohane Paulo II mwaka 1992. Katika parokia nyingi tunapeleka sabuni, sukari na matunda wodini, nalo ni tendo jema. Tunapendekeza kwamba siku hiyo kila jumuiya ihesabu pia wagonjwa waliokwisha kutoka wodini: ni akina mama wangapi kati yetu waliopasuliwa mwezi uliopita, na ni nani aliyewachungulia? Jumuiya isiyoweza kujibu swali hilo ina mahali pazuri pa kuanzia.

Mama yetu anashuka kivukoni. Hospitali imefanya kazi yake, na huenda imeifanya vema. Siku chache alizolala si lazima ziwe dalili ya kutojali. Kuanzia gati hadi mlango wa nyumba yake, na kwa majuma sita yanayofuata, zamu ni yetu.

Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa, atuombee.